Faili Huishi Kuliko Serikali Iliyolifungua

Hotuba kwa Waswahili wapya wa Leipzig, mwanzoni mwa muhula wa baridi

Shikamooni wakubwa wangu. Asalaam alaykum, na Bwana Yesu asifiwe. Wadogo zangu mliofika mwaka huu kutoka Dar, Mombasa, Bukavu, Bujumbura, Kampala na kwingineko, karibuni Leipzig. Mko kwa ndugu.

Nimeombwa niwaeleze Wajerumani ni watu wa namna gani. Mimi ni mzaliwa wa Tanga. Nilikuja huku nikiwa binti, nikasomea uuguzi, nikaajiriwa, nikazaa, na leo pasipoti yangu ni ya nchi hii. Kwa hiyo mtakayosikia ni maoni ya raia wa Ulaya, ila ni raia anayewaza na kuota kwa Kiswahili. Na kwa kuwa swali ni pana mno, nitashika jambo moja tu, lile ambalo kila mwaka wageni hunijia nalo.

Malalamiko ni yaleyale. Dada, hawa si ndio wenye viwanda vya magari vinavyojulikana dunia nzima? Mbona nikienda kununua mkate muuzaji anataka keshi? Mbona ofisi imeniletea barua ya posta, yenye muhuri, kujibu barua pepe niliyoituma wiki tatu zilizopita? Mbona nilipowapiga picha watoto wakicheza bustanini, mama mmoja alinijia juu kama vile nimemwibia? Kijana mmoja wa Nairobi aliniambia kwa uchungu kabisa: kwetu mama mboga anapokea M-Pesa tangu niko shule ya msingi, hapa nahesabu sarafu.

Ana haki ya kushangaa. M-Pesa ilizinduliwa Kenya mwaka 2007. Huku, hata mwaka 2023, Benki Kuu ya Ujerumani ilipochunguza watu wanalipaje, bado takriban nusu ya malipo ya kila siku yalifanywa kwa pesa taslimu. Na wale waliozoea kuvinjari ramani za mtandaoni wanajua kwamba Google ilipoanza kuonyesha picha za mitaa ya Ujerumani mwaka 2010, kaya takriban 244,000 ziliomba nyumba zao zifichwe. Ukiangalia mtaa mzima, katikati yake kuna nyumba iliyofunikwa ukungu. Watu walitaka hata ukuta wao usionekane.

Wengi husema ni ukaidi wa wazee. Mimi nasema ni kumbukumbu. Na kwa bahati mmefika mji ambao kumbukumbu hiyo unaweza kuiendea kwa miguu.

Katikati ya mji, kwenye barabara ya mzunguko, kuna jengo kubwa ambalo kona yake ni ya mviringo. Wenyeji wanaliita Runde Ecke. Hadi mwaka 1989 lilikuwa makao ya mkoa ya Stasi, yaani Wizara ya Usalama wa Taifa, polisi wa siri wa Ujerumani Mashariki, nchi ya kikomunisti ambayo mji huu ulikuwa ndani yake. Leo ni makumbusho. Humo ndani kuna mashine ya kufungulia barua kwa mvuke, na nyingine ya kuzigandisha tena ili mwenye barua asijue kwamba imesomwa. Kuna ndevu za bandia na nywele za bandia. Na kuna mitungi ya kioo yenye vifuniko, kila mmoja una kitambaa cha manjano ndani yake. Mtu aliitwa kuhojiwa, akaketi kwenye kiti, na pale alipoketi palitandikwa kitambaa kikanyonya jasho lake. Akishaondoka, kitambaa kinatiwa kwenye mtungi, mtungi unabandikwa karatasi ya maelezo, unawekwa kabatini, ukisubiri siku ambayo mbwa wa polisi atatakiwa kuifuata harufu ile. Mwenyewe anarudi nyumbani akidhani mahojiano yamekwisha.

Wizara ile iliundwa Februari 1950. Ilipofika mwisho wake ilikuwa na waajiriwa wapatao 91,000, na juu yao wapasha habari wapatao 189,000 ambao hawakuvaa sare wala kuwa na ofisi: mwalimu, daktari, mfanyakazi mwenzako, mwanafunzi wa bweni lako. Nchi yenyewe ilikuwa na watu milioni 16 na ushee. Mafaili yaliyobaki, ukiyapanga kwenye rafu moja ndefu, yanafika kilomita 111, sawa na kutoka Dar es Salaam hadi kuipita Chalinze. Hapo hatujahesabu magunia elfu kadhaa ya karatasi zilizochanwachanwa kwa mikono katika wiki za mwisho, baada ya mashine za kuchana kuzidiwa.

Wazanzibari mliomo humu, hadithi hii inawahusu pia. Unguja ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza Afrika kuitambua Ujerumani Mashariki, mara tu baada ya Mapinduzi ya 1964, na majumba ya ghorofa ya Kikwajuni na Michenzani ni ukumbusho wa urafiki ule. Lakini pamoja na wahandisi walikuja pia wataalamu wa usalama. Markus Wolf mwenyewe, mkuu wa ujasusi wa nje wa Stasi, alifika Unguja mwaka 1964. Saruji mnaiona hadi leo. Mafunzo mengine waliyoyaacha yanaeleweka zaidi na wazee waliokuwa vijana miaka ile, na ninyi muwaulize wakiwa bado hai.

Turudi hapa. Jumatatu ya tarehe 9 Oktoba 1989, watu wapatao 70,000 walitoka katika makanisa na mitaa ya mji huu wakaifuata barabara ya mzunguko, wakapita mbele ya jengo lile. Mwanzo wake ulikuwa sala za amani katika kanisa la Nikolai, zilizofanywa kila Jumatatu tangu 1982. Vikosi vilikuwa vimekwishapangwa na kila mtu alijua yaliyotokea Beijing miezi michache kabla, jeshi la China lilipowapiga risasi waandamanaji. Hakuna risasi iliyofyatuliwa. Mwezi mmoja baadaye Ukuta wa Berlin ulifunguka, na jioni ya tarehe 4 Desemba wananchi wakaingia Runde Ecke wenyewe kwa sababu ilijulikana kwamba mafaili yalikuwa yakiteketezwa.

Hapo ndipo ninapowaheshimu sana watu hawa. Wangeweza kuyachoma yote kwa hasira, na wapo waliotaka iwe hivyo, wakihofia kwamba majirani watauana siku watakapojua nani alimsema nani. Wengine walitaka yafungiwe kwa miongo mingi. Baada ya mabishano makali, bunge la Ujerumani iliyoungana lilipitisha sheria mwishoni mwa mwaka 1991: kila mtu aliyeandikwa ana haki ya kulisoma faili lake. Januari 1992 milango ikafunguliwa. Mchungaji Joachim Gauck alikabidhiwa usimamizi wa mafaili hayo, na miaka 20 baadaye akawa Rais wa nchi. Maombi ya kusoma yamepita milioni tatu.

Na watu walisoma nini? Mwanasiasa Vera Wollenberger, aliyekuwa amefungwa kwa harakati zake, aligundua kwamba mpasha habari aliyeandikwa kwa jina la "Donald" alikuwa mume wake, baba wa watoto wake. Mzee mmoja niliyewahi kumuuguza alichagua njia nyingine. Hakuomba kulisoma faili lake hata siku moja. Aliniambia, "Nilitaka kuendelea kuwasalimia majirani zangu." Alikuwa na majirani wazuri. Hakutaka kujua zaidi ya hapo, na hiyo nayo ni haki yake.

Sasa mfikirieni mtu wa namna ile anapoambiwa na msichana wa dukani apakue programu kwenye simu ili apunguziwe bei ya maziwa, na programu hiyo itaweka kumbukumbu ya kila anachonunua. Anatoa noti ya euro tano. Keshi haiandiki faili.

Lakini Stasi haikuwa ya kwanza. Mwezi Mei 1939 serikali ya Hitler ilifanya sensa. Pamoja na fomu ya kawaida kulikuwa na kadi ya ziada iliyomtaka kila mtu aseme, kwa kila babu na kila bibi katika wale wanne, kama alikuwa Myahudi kwa kizazi. Teknolojia ya takwimu ya wakati huo ilikuwa kadi zenye matundu, na mashine za kuzichambua zilitoka kampuni ya Dehomag, tawi la Ujerumani la IBM. Watu walijaza fomu kama mnavyojaza ninyi fomu za chuo.

Uholanzi inaniumiza zaidi, kwa sababu pale hapakuwa na nia mbaya mwanzoni. Walikuwa na rejista nzuri sana ya wakazi, iliyotunzwa na makarani waaminifu, na dini ya mtu ilikuwemo kama taarifa ya kawaida ya utawala. Wajerumani walipoivamia nchi Mei 1940 waliikuta iko tayari. Takriban robo tatu ya Wayahudi wa Uholanzi waliuawa. Machi 1943 kikundi cha wapinzani kilivamia ofisi ya rejista ya Amsterdam na kuitia moto ili kuziteketeza kadi. Waliteketeza sehemu tu, na wengi wao walikamatwa wakauawa. Walikuwa wanajaribu kuiokoa nchi yao kutokana na kabati lake lenyewe la karatasi.

Naomba hapa nisimame kidogo kwa ajili ya mtu mmoja, kwa sababu ni wetu. Mahjub bin Adam Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari katika jeshi la Wajerumani. Akiwa mtoto bado aliingizwa yeye mwenyewe katika Vita vya Kwanza vya Dunia upande wao. Mwaka 1929 alifika Berlin, na moja ya mambo aliyoyadai ni mishahara ya jeshi ambayo yeye na baba yake hawakulipwa. Walimkatalia. Akabaki. Alijiita Bayume Mohamed Husen, akafanya kazi ya uhudumu katika jumba la starehe, akaoa Mjerumani, akaigiza katika filamu, akafundisha Kiswahili chuo kikuu. Mwaka 1941 alishtakiwa kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke wa Kizungu, kosa lililotungwa na sheria za ubaguzi wa rangi za Wanazi. Alipelekwa kambi ya Sachsenhausen, na huko alifariki tarehe 24 Novemba 1944.

Mkienda Berlin, mtaa wa Brunnenstraße, mbele ya nyumba namba 193, tazameni chini. Tangu 2007 kuna kijiwe cha shaba chenye jina lake, upana wake hauzidi kiganja. Vijiwe vya namna hiyo, vilivyoanzishwa na msanii Gunter Demnig, vimepita 100,000 katika miji ya Ulaya, na hapa Leipzig vipo vingi. Kila kimoja kinataja mtu aliyeishi nyumba ile kabla hajachukuliwa. Waswahili tunaopita pale Brunnenstraße husimama. Mtu aliyewafundisha Kiswahili wasomi wa Berlin aliandikwa katika mafaili yao, tena kwa mwandiko mzuri, hatua kwa hatua, hadi kufa kwake.

Kumbukumbu za enzi ya Wanazi ndizo zilizokuwa vichwani mwa watu mwaka 1983, pale serikali ya Ujerumani Magharibi ilipotangaza sensa mpya. Haikuwa serikali ya kidikteta. Ilikuwa serikali iliyochaguliwa, na maswali yake hayakuwa ya kutisha. Hata hivyo watu wakakataa kwa maelfu, wakaenda mahakamani, na tarehe 15 Desemba mwaka huo Mahakama ya Katiba ya Karlsruhe ikatamka kwamba mtu ana haki ya kuamua mwenyewe taarifa zake zitolewe vipi na zitumike kwa kazi gani. Jimbo la Hessen lilikuwa limekwishatunga sheria ya kulinda taarifa za watu tangu 1970, ya kwanza duniani. Zile karatasi za ridhaa mnazosainishwa kila mahali, kwa daktari wa meno, shule ya chekechea, hata klabu ya mpira, zimetoka huko.

Nisije nikawafanya mdhani kila karatasi ni takatifu. Hapana. Karatasi inaumiza watu pia, na mimi naliona hilo kazini. Usiku mmoja aliletwa bibi wa miaka themanini na kitu, ameanguka nyumbani, amechanganyikiwa, hawezi kusema anatumia dawa gani. Tulitafuta orodha yake ya dawa kwenye mkoba. Tuliipata: kipande cha bahasha, kalamu ya risasi, mstari wa tatu umefutika kwa kukunjwa. Mstari huo ulikuwa na dawa ya kuzuia damu isigande, au dawa ya presha, hatukujua, na kwa mtu aliyegonga kichwa tofauti ya hizo mbili ni kubwa sana. Zahanati yake ilikuwa imefungwa. Tulipiga vipimo vyote tukasubiri majibu. Bibi alipona, lakini saa zile za kusubiri sikuipenda nchi hii.

Kwa hiyo mimi nimekubali faili la afya la kielektroniki, lile ambalo tangu Aprili 2025 limeenea nchi nzima. Bima yako inakufungulia yenyewe usipokataa, na kukataa ni haki yako. Desemba 2024, miezi michache kabla halijaenea hivyo, wataalamu wa kompyuta wa Chaos Computer Club walisimama hadharani wakaonyesha matundu yaliyomo kwenye mfumo. Hawa ni raia wa kawaida waliojitolea kuipima kazi ya serikali yao, na serikali ikalazimika kuziba. Nchi inayowaacha watu wa namna hiyo wafanye kazi yao naiamini zaidi kuliko nchi inayosema mfumo wake hauna kasoro.

Na kuna mahali Ulaya ambako waliteseka vilevile wakaenda njia tofauti kabisa. Estonia, kanchi ka watu milioni 1.3, ilikaliwa na Wasovieti hadi Agosti 1991. Katika siku chache za Machi 1949 walipakiwa kwenye mabehewa watu zaidi ya 20,000, wengi wao wanawake na watoto, wakapelekwa Siberia, kwa kufuata orodha. Ungetegemea Waestonia waichukie kompyuta kuliko Wajerumani. Badala yake, tangu 2002 wana kitambulisho cha kielektroniki, tangu 2005 wanaweza kupiga kura kwa intaneti, na katika uchaguzi wa bunge wa Machi 2023 zaidi ya nusu ya kura zilipigwa hivyo. Mwaka 2007 mifumo yao ilishambuliwa mtandaoni kwa wiki kadhaa na bado hawakurudi kwenye karatasi.

Kilichowapa ujasiri ni jambo ambalo ningependa mlikariri. Raia wa Estonia akiingia kwenye ukurasa wake wa serikali anaona nani ameangalia taarifa zake: polisi, daktari, karani wa ardhi, saa ngapi, siku gani. Ofisa aliyechungulia bila sababu ya kikazi anaulizwa, na anaweza kuadhibiwa. Stasi ilimtazama mtu bila mtu kuiona. Hawa wameamua kwamba anayetazama naye atazamwe. Mimi naona jibu la Estonia ni bora kuliko lile la Wajerumani la kushikilia faksi, na nimewaambia wenzangu kazini hivyohivyo.

Sasa siasa, maana hamuwezi kuishi Saksonia, jimbo letu hili, bila kuzisikia. Baada ya nchi kuungana Oktoba 1990, viwanda vya mashariki viliuzwa au kufungwa kwa kasi ambayo watu wa hapa hawajaisamehe. Leipzig ilikuwa na watu takriban 530,000 mwaka 1989. Kufikia 1998 walikuwa wamebaki chini ya 440,000. Mitaa mizima ilikuwa na madirisha yaliyopigwa mbao. Leo mji umejaa tena, umepita 600,000, lakini vijiji vingi vinavyouzunguka havikurudi. Wazee wakiwaambia kwamba zamani kila mtu alikuwa na kazi na kila mtoto alikuwa na nafasi chekechea, msidhani wanaitetea Stasi. Wanasimulia maisha yao.

Kutokana na uchungu huo, na mambo mengine mengi, chama cha AfD kimekua. Septemba 2024 kilipata karibu asilimia 31 katika uchaguzi wa jimbo hili, na jirani zetu wa Thüringen kikashika nafasi ya kwanza. Februari 2025 kilipata asilimia 20.8 nchi nzima, nafasi ya pili. Ni chama kinachotaka watu kama sisi wapungue, na baadhi ya wanachama wake husema hivyo bila kupepesa macho. Mimi hupiga kura dhidi yao kila mara. Lakini ninachotaka mkione hapa ni kwamba kila orodha iliyopo leo katika ofisi za wageni, yenye picha zenu, alama zenu za vidole, anwani zenu na majina ya watoto wenu, imetunzwa na makarani wa kawaida chini ya serikali inayoheshimu sheria. Serikali hubadilika kwa uchaguzi mmoja. Kabati halibadiliki. Ndiyo maana mimi, mwenye pasipoti nyekundu, ninajali sheria ya taarifa binafsi kuliko ninavyojali bei ya mafuta.

Na sisi kwetu tumeshasahau kwamba tuliyajua haya kabla ya wengi? Kenya, kuanzia miaka ya 1919 na 1920, kila mwanaume wa Kiafrika mwenye umri wa kufanya kazi alitakiwa kubeba kipande: karatasi yenye jina lake, alama za vidole vyake, na maoni ya kila mwajiri, ndani ya kikopo cha chuma alichokivaa shingoni. Ukimtoroka mnyapara, kipande ndicho kinachokurudisha. Harry Thuku na wenzake walikipinga mwaka 1921, na mwezi Machi 1922 Thuku akakamatwa, wananchi wakapigwa risasi Nairobi wakidai aachiwe. Babu zetu walijua maana ya kuandikwa na mtu ambaye huwezi kumuuliza swali.

Leo laini ya simu Tanzania inasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, na tunaweka kidole pale kwa wakala, chini ya mwavuli, bila kuuliza kinakwenda wapi. Tunakopa kwenye programu za simu, tunabonyeza nimekubali, na siku tukichelewa kulipa shangazi anapigiwa simu Muheza anaambiwa mwanao ni mwizi. Dada yangu wa tumbo moja limemkuta hilo. Alikuwa na deni dogo, aibu aliyotiwa ilikuwa kubwa, na mpaka leo haendi vikao vya ukoo. Sheria tunazo. Kenya ilitunga Sheria ya Kulinda Data mwaka 2019, na mwaka 2021 Mahakama Kuu ikabatilisha utoaji wa kadi za kitambulisho za Huduma kwa sababu serikali haikutathmini kwanza athari zake kwa taarifa za watu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Nimewauliza jamaa zangu wengi kama wanaijua. Wanajua bei ya bando.

Wadogo zangu mnaosoma hapa sheria na kompyuta, kazi yenu ni hiyo. Mkirudi, na hata msiporudi, msijenge mfumo ambao mama yenu hawezi kuona nani amelifungua faili lake. Sizungumzi juu ya kukataa teknolojia. M-Pesa imewatoa watu wengi kwenye shida kuliko misaada mingi niliyoiona, na siku moja Wajerumani watajifunza kwenu. Nendeni mkawafundishe, mkijua wanachokiogopa.

Ya mwisho ni ya vitendo, maana najua wengine mna miadi wiki hii.

Ukihamia nyumba una wiki mbili za kujiandikisha ofisi ya manispaa. Ndiyo, watu haohao wanaoficha nyumba zao kwenye ramani wanamlazimisha kila mtu kujiandikisha anakoishi, na jina lako lazima libandikwe kwenye kengele na kisanduku cha barua, la sivyo barua hazifiki. Nimewahi kumuuliza rafiki yangu Mjerumani hilo linakaaje pamoja na hayo mengine, akanyamaza akafikiri, akasema hakuwahi kulifikiria. Fomu hiyo ina kipengele cha dini. Ukiandika Mkatoliki au Mlutheri utakatwa kodi ya kanisa, hapa Saksonia ni asilimia 9 ya kodi yako ya mapato. Simwelekezi mtu aikane imani yake. Nataka ujue unachokijaza kabla kalamu haijagusa karatasi.

Mliokuja kusomea uuguzi, nisikilizeni vizuri. Usipige picha wodini. Usimweke mgonjwa kwenye status, hata mkono wake, hata kama anacheka na amekwambia sawa. Kutoa siri ya mgonjwa ni kosa la jinai, kifungu cha 203 cha sheria ya jinai ya hapa, na kifungo chake kinafika mwaka mmoja. Nimeona binti mwerevu akiachishwa mafunzo kwa picha moja ya keki ya siku ya kuzaliwa iliyokuwa na jina la bibi mmoja nyuma yake kwenye ubao.

Na tarehe 9 mwezi huu mji utawasha mishumaa kukumbuka maandamano yale ya 1989. Njooni na makoti, baridi huanza mapema. Tutakutana mbele ya kanisa la Nikolai saa moja kasoro robo jioni, kisha Jumamosi nitawapeleka Runde Ecke wanaotaka. Jina lako halihitajiki kwenye orodha yoyote, uje tu.

Sasa maswali. Wenye fomu za makazi wakae upande huu wa dirisha, mama Zuhura na mimi tutazijaza nanyi moja moja. Wenye barua za bima kuhusu faili la afya wangoje dakika kumi, hizo tutazisoma kwa sauti, maana karibu zote zinafanana.